Umeme Upo, Giza Lipo: Kwa Nini Gridi Huanguka, na Parokia Zetu Zijiandae Vipi

Usiku wa kuamkia Jumatatu ya Pasaka, tarehe 1 Aprili 2024, Gridi ya Taifa ya Tanzania ilipata hitilafu na nchi ikaingia gizani. Hitilafu peke yake si jambo geni kwetu. Kilichowashangaza wengi ni mambo yaliyoitangulia. Mwanzoni mwa mwaka huo huo tulikuwa tungali katika mgao, tukielezwa kwamba umeme hautoshi. Mwezi Februari mtambo wa kwanza wa Bwawa la Julius Nyerere ukaanza kuingiza umeme katika gridi, mvua zikanyesha kwa wingi, na mwezi Machi Shirika la Umeme, TANESCO, likatangaza kwamba vituo vitano vya kufua umeme kwa maji vimezimwa kwa kuwa umeme umezidi mahitaji. Wiki chache baadaye likaja giza la Pasaka. Upungufu, ziada na anguko, vyote vilitukuta katika muda usiotimia miezi minne.

Mwamini aliyeyaona haya ana haki ya kuuliza: yawezekanaje nchi iliyozima mitambo kwa wingi wa umeme ilale gizani mwezi uliofuata? Swali hili tumelisikia katika jumuiya ndogondogo, katika vikao vya halmashauri za parokia, na zaidi katika hospitali zetu, ambako jibu lake lina uzito wa pekee. Ndiyo maana tumeona vema kulieleza kwa utulivu, pasipo kumlaumu mtu na pasipo kumtetea mtu.

Tuseme kwanza kwa nini jambo hili linalihusu Kanisa. Hospitali, vituo vya afya na zahanati nyingi za Kanisa ziko vijijini, mwisho wa nyaya, mahali ambapo umeme hufika ukiwa umechoka na hukatika upesi. Katika wodi ya watoto njiti kuna mashine inayochuja oksijeni kutoka katika hewa. Mashine hiyo haina akiba ndani yake, na umeme ukikatika, inanyamaza. Mtoto aliyezaliwa kabla ya wakati hawezi kungoja jenereta itafutiwe mafuta. Chanjo nyingi hazina budi kukaa katika ubaridi wa kati ya nyuzi 2 na 8 za sentigredi. Chumba cha upasuaji, jokofu la damu na pampu ya kisima kinacholisha hospitali nzima, vyote vinautegemea waya ule ule. Tunapozungumzia uthabiti wa gridi, kwa hiyo, tunazungumzia pia nani ataishi mpaka asubuhi.

Kinu kimoja, michi mingi

Jambo la kwanza la kufahamu ni kwamba gridi haihifadhi umeme. Maji huwekwa katika tangi na mahindi katika ghala, lakini umeme unaoiwasha taa yako sasa hivi umefuliwa sasa hivi, huko Rufiji, au Kidatu, au Kinyerezi. Mtu akichomeka pasi mjini Tabora, mahali fulani mtambo hauna budi kusukuma zaidi kidogo wakati huo huo. Kinachofuliwa na kinachotumika lazima vilingane kila sekunde, usiku na mchana, mwaka mzima.

Uwiano huo wahandisi huusoma katika mapigo ya umeme, ambayo wao huyaita masafa. Kwetu mapigo hayo ni 50 kwa sekunde. Waliokulia vijijini wamewaona wanawake watatu wakitwanga katika kinu kimoja: mchi wa huyu unaposhuka, wa mwenzake unapanda, na hakuna anayehesabu kwa sauti, maana mlio wenyewe unawaongoza. Mmoja akilegea ghafla, wengine huongeza nguvu ili mlio usipotee. Akiacha kabisa bila kuaga, michi hugongana. Gridi ni kinu cha namna hiyo, ila watwangaji wake wametengana kwa mamia ya kilomita na hawaonani. Mitambo yote mikubwa iliyoungwa katika gridi hufuata mpigo mmoja. Mahitaji yakizidi, mpigo hushuka chini ya 50. Umeme ukizidi, hupanda. Kwa sababu hiyo ziada nayo ni tatizo, wala kuzimwa kwa vile vituo vitano mwezi Machi hakukuwa kioja kama magazeti yalivyokieleza. Mtwangaji asiyehitajika huwekwa kando, kinu kisipasuke.

Sasa mtambo mkubwa uzimike ghafla. Mzigo wake huwaangukia waliobaki papo hapo, na mpigo huanza kushuka. Vifaa vya ulinzi vikiona umeshuka kupita kiasi huwakatia umeme wateja wa baadhi ya maeneo ili wengine wapone. Mara nyingine mtaa wenu unazimika na wa jirani unawaka kwa sababu hii tu, wala hakuna aliyependelewa. Hatua hiyo isipotosha, mitambo mingine nayo hujitoa isije ikaharibika, mmoja baada ya mwingine, na kwa muda mfupi kuliko wa kusali Baba Yetu nchi nzima iko gizani. Kuirudisha huchukua saa nyingi, kwa kuwa mitambo mingi huhitaji umeme wa pampu na mafeni yake kabla haijaweza kufua wake. Kwa kawaida huanza mtambo wa maji, ambao mlango wake waweza kufunguliwa kwa nguvu kidogo. Huo huwashia kituo kinachofuata, kisha kingine, na wateja hurudishwa kipande kwa kipande. Ukiwarudisha wote kwa pamoja, gridi huanguka tena.

Bwawa kubwa katika gridi ndogo

Bwawa la Julius Nyerere ni kazi kubwa, na tunaisifu kwa haki. Lina mitambo tisa ya megawati 235 kila mmoja, jumla megawati 2,115, na wa mwisho ulikamilika mwaka 2025. Uwezo wa mitambo yote nchini ukapita megawati 4,000, ilhali mahitaji ya juu kabisa mwanzoni mwa mwaka huo yalikuwa karibu megawati 1,900. Wanaokumbuka ukame wa mwaka 2006, Mtera ilipokauka na viwanda vikafungwa, wanajua ni baraka gani kuandika sentensi kama hiyo.

Lakini tupige hesabu kidogo. Katika gridi yenye mahitaji ya megawati 1,900, mtambo mmoja wa megawati 235 ni karibu sehemu moja ya nane ya umeme wote. Usiku wa manane, watu wamelala na viwanda vimepumzika, sehemu hiyo inakuwa kubwa zaidi. Kanuni ya wahandisi duniani kote ni kwamba gridi iweze kustahimili kupotea kwa kipande chake kimoja kilicho kikubwa kuliko vyote, kiwe mtambo au njia ya kusafirishia umeme, pasipo wateja kukaa gizani. Katika gridi ya Ulaya megawati 235 zikipotea hakuna anayetambua. Kwetu huo ni mtwangaji mwenye mikono ya watu watatu: akiwapo kazi inasonga mbele, akianguka kinu kinatikisika. Kanuni hiyo inadai mitambo mingine iwe tayari muda wote, ikizunguka chini ya uwezo wake ili iwe na nguvu ya kuongeza. Akiba ya namna hiyo hugharimu fedha kila siku na haionekani mpaka siku ya shida. Kwa hiyo, tukisikia mitambo ya gesi ya Ubungo na Kinyerezi ingali inalipiwa wakati maji yapo, tusikimbilie kusema ni ubadhirifu.

Kisha kuna suala la barabara ya umeme yenyewe, na hapa ndipo tunapodhani penye kiini cha mambo. Umeme wa Rufiji hutoka kwa njia ya msongo wa kilovoti 400 hadi Chalinze, na kutoka hapo lazima usambazwe katika nchi pana kuliko Ufaransa. Kadiri nyaya zinavyokuwa ndefu na msongo unavyokuwa mdogo ndivyo umeme unavyopotea njiani kama joto. Mwezi Machi 2025, alipokuwa mkoani Kilimanjaro, Rais Samia Suluhu Hassan alieleza mpango wa kununua umeme wa Ethiopia, kwa kupitia Kenya, kwa ajili ya mikoa ya kaskazini, akitaja hasara inayotokana na umbali. Mpango huo ulidhihakiwa sana mitandaoni: vipi wenye ziada wanunue? Kwa maoni yetu dhihaka hiyo haikuwa ya haki. Njia ya kilovoti 400 inayoiunga Tanzania na Kenya kuanzia Singida kupitia Arusha na Namanga iliwashwa Desemba 2024, na Kenya nayo imeungwa na Ethiopia kwa njia yenye urefu wa zaidi ya kilomita 1,000. Arusha iko karibu na njia hizo kuliko ilivyo karibu na Rufiji kwa nyaya tulizo nazo. Anayestahili kuulizwa ni yule anayepanga bajeti ya mabwawa na kuisahau bajeti ya nyaya, na mtu huyo tunamkuta katika nchi nyingi.

Wakenya wanalijua hilo kuliko sisi. Huko Loiyangalani, katika kaunti ya Marsabit, kando ya Ziwa Turkana, kampuni binafsi ilisimamisha mitambo 365 ya upepo yenye uwezo wa megawati 310. Mitambo ilikamilika mwaka 2017. Njia ya kuupeleka umeme huo hadi Suswa, zaidi ya kilomita 400, ambayo ilikuwa jukumu la serikali, haikuwa tayari mpaka mwaka 2018. Kwa muda wote huo upepo ulivuma bure, na umma ukabebeshwa fidia ya ucheleweshaji kwa umeme ambao haukuwasha taa hata moja.

Je, jua na upepo ndivyo vyenye makosa?

Kuna sauti zinazosema kwamba nishati ya jua na upepo ndiyo inayoziangusha gridi. Zilisikika Kenya mwezi Agosti 2023, nchi hiyo ilipokaa gizani, na kwa muda hata uwanja wa ndege wa Jomo Kenyatta ukakosa umeme. Upande wa serikali ulitaja kituo cha upepo cha Turkana. Wenye kituo wakajibu kwamba wao walitolewa na msongo uliopanda katika gridi yenyewe. Zilisikika tena, kwa nguvu zaidi, tarehe 28 Aprili 2025, siku mbili tu baada ya mazishi ya Baba Mtakatifu Fransisko, Hispania na Ureno zilipozimika saa 6 na dakika 33 mchana, jua likiwaka. Ndani ya sekunde tano zilipotea megawati 15,000, na zaidi ya nusu ya umeme wa Hispania wakati huo ulikuwa wa jua.

Taarifa ya serikali ya Hispania, iliyotolewa mwezi Juni mwaka huo, haikuona kwamba umeme ulipungua. Iliona kwamba msongo ulipanda kupita kiasi na vituo vilivyopaswa kuushusha havikuushusha vya kutosha, vikiwamo vya aina ya zamani vilivyokuwa vimepewa kazi hiyo. Sheria za huko, kwa upande wake, zilikuwa haziviruhusu vituo vingi vya jua kusaidia kuudhibiti msongo ingawa vingeweza. Kosa, basi, lilikuwa katika kuongeza watwangaji wapya bila kuwafundisha wimbo.

Hata hivyo tusidanganyane. Paneli ya jua haina kitu kizito kinachozunguka. Mtambo wa maji au wa gesi ni chuma cha tani nyingi kinachozunguka kwa kasi. Mwenzake akianguka, uzito huo huendelea kuzunguka kwa mwendo wake na kuipa gridi nafasi ya kuvuta pumzi. Umeme wa jua huingia kwa njia ya inveta, kifaa kinachoufuata mpigo kinaoukuta, na inveta nyingi zikiona mpigo umeyumba hujitoa. Inveta za kisasa zaweza kutengenezwa ziushikilie mpigo badala ya kuufuata, lakini ni lazima mtu aagize hivyo, aandike hivyo katika mkataba na kulipia. Betri kubwa nazo zimethibitika. Jimbo la Australia Kusini lilizimika lote Septemba 2016 baada ya dhoruba kuangusha nguzo kubwa. Mwishoni mwa 2017 likawa na betri ya megawati 100 huko Hornsdale, inayoweza kusukuma umeme katika gridi kwa muda usiofika sekunde moja, upesi kuliko mtambo wowote wa maji.

Kwa Tanzania tunaona njia iliyo rahisi zaidi, nayo ni kuliunganisha jua na bwawa. Jua letu huzama karibu saa ile ile mwaka mzima, kati ya saa 12 na saa 1 jioni, na hapo ndipo mahitaji yanapopanda: taa, televisheni, pasi, majiko. Jua pekee haliwezi kutusaidia saa hiyo. Lakini likibeba mzigo wa mchana, maji ya Rufiji na Mtera yanaweza kungoja bwawani mpaka jioni. Mradi wa jua wa Kishapu mkoani Shinyanga, ambao awamu yake ya kwanza ni ya megawati 50, ni mdogo ukilinganisha na bwawa, lakini uko upande wa Kanda ya Ziwa, mbali na Rufiji, na umewekwa mahali penye migodi na viwanda vinavyotumia umeme mchana. Tungependa kuona mingi ya namna hiyo. Bwawa moja linalobeba zaidi ya nusu ya uwezo wa nchi ni tumaini kubwa lililowekwa katika mto mmoja, na mito yetu tumekwisha kuiona ikikauka.

Mahitaji nayo hayatungoji. Vijiji 12,318 vya Tanzania Bara vimefikiwa na gridi, na kazi sasa iko katika vitongoji. Treni ya umeme ilianza safari za Dar es Salaam na Morogoro Juni 2024, ikafika Dodoma majira hayo hayo. Mkakati wa Taifa wa nishati safi ya kupikia unataka asilimia 80 ya Watanzania waachane na kuni na mkaa ifikapo 2034, nasi tunauunga mkono kwa moyo wote, maana moshi wa jikoni unawaua mama zetu kimyakimya na misitu inakwisha. Lakini hesabu haina budi kufanywa. Kaya 200,000 zikiwasha majiko ya kilowati moja saa 1 usiku, hizo ni megawati 200, karibu mtambo mmoja mzima wa Nyerere. Na transfoma ya kijiji iliyowekwa kwa ajili ya taa na redio haitavumilia majiko hayo. Kwa kweli giza tulizoea kuliona mitaani mara nyingi halitoki katika gridi kuu kabisa. Linatoka katika nguzo iliyooza, mti uliolalia waya, transfoma iliyozidiwa, au transfoma iliyofyonzwa mafuta na wezi. Juu ya wizi huo tuseme waziwazi: anayenunua mafuta ya transfoma au nyaya za shaba bila kuuliza zimetoka wapi anashiriki katika dhambi hiyo, hata kama ni mfadhili mkubwa wa kwaya.

Sehemu yetu

Kanisa si mgeni katika kazi hii. Masista Wabenediktini wa Mtakatifu Agnes wa Chipole, katika Jimbo Kuu la Songea, walijenga kituo cha Tulila katika Mto Ruvuma, chenye megawati 5, kilichoanza kazi mwaka 2015 na kuiuzia TANESCO umeme wakati mji wa Songea ulipokuwa ukiendeshwa kwa jenereta za dizeli, kabla gridi haijafika huko kutoka Makambako. Tunalitaja hilo kwa sababu masista hawakuishia kuiangazia nyumba yao. Baba Mtakatifu Fransisko naye, kwa barua aliyoitoa tarehe 21 Juni 2024, aliagiza kujengwa kwa mtambo wa jua huko Santa Maria di Galeria, nje ya Roma, ili kuitosheleza Vatikano kwa umeme huku ardhi hiyo ikiendelea kulimwa.

Parokia nyingi zinatuuliza kama huu ni wakati wa kununua sola na kuachana na umeme wa gridi. Kwa hospitali na vituo vya afya jibu letu ni kununua sola na betri, na kuanza na betri. Paneli zisizo na betri hazitamsaidia mtoto njiti saa 8 usiku. Zijulikane kwanza nyaya za vyumba visivyoweza kungoja, yaani oksijeni, upasuaji, chanjo na damu; zitenganishwe na nyaya za ofisi na nyumba ya wageni, kisha betri ihesabiwe kwa ajili ya hivyo tu. Tumeona mara nyingi betri nzuri ikimalizwa na birika la chai la ofisini. Na fedha za kubadilisha betri zianze kutengwa mwaka ule ule inaponunuliwa, kwa sababu wafadhili hupenda kuzindua kuliko kutengeneza.

Kuhusu kuachana na gridi kabisa, tunashauri kwa dhati parokia zisifanye hivyo. Mtumiaji mdogo wa nyumbani, asiyezidi uniti 75 kwa mwezi, amekuwa akilipa Sh100 kwa uniti, ilhali bei ya mtumiaji wa kawaida ni Sh292 kabla ya kodi na tozo. Ile tofauti inabebwa na wateja wengine: shule, viwanda, hoteli, seminari, na parokia zenye kumbi kubwa. Wenye uwezo wakijitoa mmoja mmoja kwa paneli zao, nyaya na nguzo zitabaki na gharama zile zile, na mjane aliyeunganishiwa kwa Sh27,000 ndiye atakayeachiwa mzigo. Mafao ya wengi hayapimwi kwa nani ana taa usiku wa leo tu. Parokia ibaki imeungwa, itumie jua lake mchana, na ipunguze kuvuta kutoka katika gridi saa za jioni. Seminari na shule za bweni zaweza kufanya zaidi ya hapo bila kununua chochote: maharage yapikwe mchana, pampu ya kisima iwashwe usiku wa manane au adhuhuri badala ya saa 1 jioni, wakati ambapo nchi nzima inavuta.

Umeme ukikatika, zimeni pasi, majiko, mafriza na pampu, mkiache kibuti kimoja cha taa kiwe ishara. Mafundi wanapourudisha mtaa mmoja huukuta una njaa: kila friza linaanza kwa pamoja, kila pampu inavuta, na mzigo wa dakika zile za kwanza huzidi wa kawaida na kuweza kuuangusha mtaa tena. Subirini dakika kumi au kumi na tano, kisha washeni kimoja baada ya kingine, mkianza na mafriza. Waelimisheni na walinzi wa kanisa, kwani mara nyingi ndio walio macho saa hizo.

La mwisho linahusu jenereta, na tunawaomba mapadre walitangaze hata baada ya Misa. Jenereta au inveta yoyote iliyoungwa katika nyaya za jengo lazima ipitie swichi ya kubadilishia, ile inayolitenga jengo na waya wa nje kabla ya kuliwashia. Bila swichi hiyo umeme wa jenereta hurudi nyuma hadi katika transfoma, nayo huupandisha mpaka msongo wa maelfu ya volti katika waya ambao fundi aliye juu ya nguzo anaamini umekufa. Swichi hiyo ifungwe na fundi mwenye leseni, na anayeiendesha afundishwe na jina lake libandikwe pale ilipo. Parokia ambazo bado huiwasha jenereta kwa kuchomeka waya katika soketi ya ukutani ziache kuanzia leo, hata kama swichi italetwa wiki ijayo na ibada ya jioni ikabidi isomwe kwa mishumaa.